Ushahidi wa Meno: Mamba wa Galula, Nyangumi, na Somo la Asili ya Wanyama

Miongoni mwa masomo ambayo mwalimu mwanafunzi huyaogopa anapokwenda katika mazoezi ya kufundisha ni lile la asili na mageuko ya viumbe. Hulipitia haraka, akaandika maelezo mafupi ubaoni, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Hatumlaumu. Mifano inayotolewa mara nyingi ni ya mbali, na mwalimu aliyeko Tunduma, karibu kilometa 1,000 kwa reli kutoka Dar es Salaam, huona taabu kuwaeleza watoto habari za nyangumi ambaye hawajamwona, aliyetokana na mnyama ambaye hata mwalimu mwenyewe hajamwona. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba somo hili laweza kuanzia hapa hapa mkoani Songwe, kwa kitu ambacho kila mtoto anacho kinywani mwake, yaani meno. Aidha tutaeleza kosa tulilolifanya sisi wakufunzi, kwa sababu ndilo lililotulazimisha kulitazama somo upya.

Tulikuwa tumewapa wanachuo wetu kanuni moja fupi ya kutumia darasani: wanyama ambao meno yao yanafanana ni wa ukoo mmoja. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, na mara nyingi huleta jibu sahihi. Meno ya paka ni kama ya chui, na meno ya mbuzi ni kama ya kondoo. Mwanachuo mmoja aliichukua akaenda nayo katika shule moja ya mjini. Alichora ubaoni kichwa cha mnyama wa kale aliyepatikana katika bonde la Rukwa, akaeleza kuwa huyo alikuwa mamba mwenye meno kama ya paka. Msichana mmoja akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, basi paka alitokana na mamba?" Mwanachuo akatutazama sisi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa, kisha akajibu, "Ndiyo, zamani sana." Darasa likacheka na mtoto akaketi.

Tulipokutana naye baada ya kipindi tulikuwa na fomu ya tathmini mkononi, lakini hatukuwa na la kumkosoa, maana alikuwa ameitumia kanuni yetu barabara. Mtoto aliuliza swali bora kuliko yote ya siku ile, naye alipewa jibu lisilo la kweli. Alama zilizostahili kupunguzwa zilikuwa zetu.

Kwa nini meno

Mnyama akifa nyikani, fisi na tai huanza kazi yao, kisha hufuata mchwa, mvua na jua. Mifupa mingi huvunjika na kuoza. Jino hubaki, maana tabaka lake la nje, enameli, ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Ndiyo sababu watafutaji wa visukuku, yaani masalia ya viumbe vya kale yaliyohifadhika katika miamba, hukuta meno kwa urahisi kuliko mafuvu mazima, na wako wanyama wa kale tunaowafahamu kwa meno tu.

Mfano mmoja uko kwetu. Mwaka 2013 ilitangazwa habari ya mnyama aliyeitwa Nsungwepithecus gunnelli, kutoka matabaka ya miamba ya Nsungwe katika bonde la Rukwa, yenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Kilichopatikana ni kipande cha taya chenye gego moja. Kwa gego hilo wataalamu walimweka katika ukoo wa tumbili na nyani, na alipotangazwa alikuwa wa kale kuliko wote wa ukoo huo waliojulikana. Mtoto akisikia kwamba mnyama mzima amejulikana kwa gego moja, atajua kuwa mwalimu hasemi jambo dogo.

Jino hueleza mambo mawili. La kwanza ni chakula: gego pana lenye mabonde na vilima husaga, gego lenye ncha kali hukata nyama, chonge ndefu hushika na kuua. La pili ni ukoo, kwa kuwa umbo la jino hurithiwa kutoka kwa wazazi kama mambo mengine ya mwili. Shida ni kwamba mambo haya mawili yameandikwa mahali pamoja, na si rahisi kuyatenganisha. Wanyama wawili wasio wa ukoo mmoja wakiishi kwa chakula cha namna moja kwa mamilioni ya miaka, meno yao yaweza kufikia umbo moja. Seremala wa Tunduma na seremala wa Unguja wana misumeno inayofanana, ijapokuwa hawakufunzwa na bwana mmoja. Kilichoifananisha misumeno yao ni mbao. Hilo ndilo tulilolisahau tulipoandika kanuni yetu.

Mamba wa Galula

Kimondo cha Mbozi kinajulikana kwa watoto wengi wa mkoa huu, na shule hupanga safari za kwenda kukiona. Mamba huyu hajulikani hivyo, nasi twaona kwamba ni hasara. Galula iko katika Wilaya ya Songwe, upande wa Ziwa Rukwa, na matabaka ya miamba myekundu yanayoitwa kwa jina hilo ni ya enzi ya Kretasia, wakati wa dinosaria. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Marekani na nchi nyingine wamekuwa wakichunguza visukuku vya bonde la Rukwa tangu mwanzo wa karne hii. Katika matabaka ya Galula walipata mifupa ya mnyama mwenye ukubwa wa paka wa nyumbani, aliyeishi takriban miaka milioni 100 iliyopita. Mwaka 2010 walimpa jina la Pakasuchus kapilimai. Mwanzo wa jina ni neno letu paka. Sehemu ya pili ni neno la Kigiriki lenye maana ya mamba. Na neno la mwisho ni kumbukumbu ya marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa kiongozi katika utafiti huo. Mwanachuo asilipite jina hili bila kulieleza. Watoto hufurahi kuona kwamba neno la Kiswahili limeingia katika orodha ya sayansi ya dunia.

Fuvu lilipatikana likiwa limefumba kinywa, na meno hayakuweza kuonekana vizuri mpaka lilipopigwa picha kwa eksirei ya kompyuta. Mamba wa Ziwa Rukwa, kama mamba wote wa leo, ana meno mengi ya umbo moja, mfano wa misumari minene. Hunasa na kurarua, hatafuni. Pakasuchus alikuwa na meno machache yaliyogawana kazi. Mbele alikuwa na meno mfano wa chonge, na nyuma alikuwa na magego yenye ncha na kingo, ya juu yakikutana na ya chini kama visu viwili vya mkasi. Mpangilio wa namna hiyo huonekana zaidi kwa mamalia. Miguu yake ilikuwa myembamba, mwili mwepesi, na magamba ya mifupa yanayomfunika mamba mgongoni yalikuwa yamepungua sana isipokuwa mkiani. Aliishi nchi kavu, na yaelekea aliwinda wadudu na wanyama wadogo.

Basi kwa nini wataalamu wasiseme ni mamalia? Kwa sababu hawakuishia katika meno. Taya la chini la mamalia ni mfupa mmoja kila upande. La mamba ni mifupa kadhaa iliyounganishwa. Fuvu, uti wa mgongo na magamba ya mkia vyote vilitoa ushahidi wa ukoo wa mamba. Jino lilisema kweli juu ya chakula. Juu ya ukoo, shahidi huyo peke yake angetupotosha, kama alivyompotosha mwanachuo wetu.

Nyangumi na mfupa wa mbuzi

Tungependa mwanachuo ajue kwamba kosa hili halikuwapata wakufunzi wa Songwe peke yao. Habari za asili ya nyangumi zaonyesha jino likiwa shahidi mwema mara moja, na likiwapotosha mabingwa mara nyingine.

Mwaka 1834 Richard Harlan wa Marekani aliipa jina mifupa mikubwa iliyofukuliwa kusini mwa nchi yake. Alidhani ni ya reptilia wa baharini, akamwita Basilosaurus, maana yake mfalme wa mijusi. Mwaka 1839 alisafiri na baadhi ya mifupa hiyo mpaka London, ambako Richard Owen aliyachunguza meno. Owen aliona kwamba magego yalikuwa na mizizi miwili. Jino la reptilia halishikiliwi tayani kwa namna hiyo. Magego yenye mizizi zaidi ya mmoja ni alama ya mamalia. Mfalme wa mijusi akatambuliwa kuwa nyangumi wa kale, ingawa jina la awali lilibaki kwa sababu kanuni za majina haziruhusu kulifuta kwa kosa kama hilo.

Jambo lingine lilijitokeza hapo. Pomboo wa leo ana meno mengi yanayofanana, ya kunasia samaki, na nyangumi wakubwa wasio na meno huchuja chakula kwa mabamba yanayoning'inia kinywani. Lakini nyangumi wa kale walikuwa na meno ya mbele, chonge na magego, kila moja kwa kazi yake. Hata leo mtoto wa nyangumi asiye na meno, akiwa tumboni mwa mama yake, huanza kuota vichipukizi vya meno ambavyo hutoweka kabla ya kuzaliwa. Mwanachuo alinganishe hapa na mamba wa Galula. Mnyama wa ukoo wa mamba alipata meno yenye kazi mbalimbali kama ya paka. Wanyama waliokuwa na meno yenye kazi mbalimbali waliingia baharini, na wazao wao wakapata meno ya namna moja, karibu kama ya mamba. Njia mbili zilipishana.

Lakini nyangumi alitokana na mnyama yupi wa nchi kavu? Mwaka 1966 Leigh Van Valen alitoa rai kwamba alitokana na mesonikidi, wanyama wa kale walioishi kwa nyama na ambao magego yao ya pembetatu yalifanana mno na ya nyangumi wa kwanza. Rai hiyo ilikubaliwa na wengi. Mwaka 1981 ilitangazwa habari ya Pakicetus kutoka Pakistani, nyangumi wa miaka milioni 50 hivi iliyopita, na meno yake yalionekana kuiunga mkono. Katika miaka ya 1990 waliochunguza chembe za urithi za wanyama walio hai walianza kusema mambo mengine: kwamba ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi ni kiboko. Waliotegemea visukuku hawakuridhika.

Kilichokata shauri ni mfupa mmoja mdogo. Katika juma moja la Septemba 2001, kundi la Philip Gingerich na kundi la Hans Thewissen, kila moja kwa njia yake, yalitangaza kwamba yamepata mifupa ya vifundo vya miguu ya nyangumi wa kale wa Pakistani. Mfupa wa kifundo cha nyuma cha mbuzi, ng'ombe, nguruwe, twiga na kiboko una umbo lisilopatikana kwa wanyama wengine: juu una mfuo kama gurudumu la kapi, na chini una mfuo wa pili. Wanyama wengine wana mfuo wa juu tu. Nyangumi wale wa kale walikuwa na mifuo yote miwili. Gingerich mwenyewe alikuwa ameishikilia rai ya mesonikidi, akaiacha. Kwa miaka 35 kufanana kwa meno kuliwaongoza watu hodari mahali pasipo penyewe.

Kwa hiyo mnyama wa ukoo wa karibu zaidi na nyangumi anaoga katika Ziwa Rukwa, mpakani mwa mkoa wetu. Mwalimu hana tena sababu ya kulalamika kwamba bahari iko mbali. Na mtoto akiuliza kama nyangumi mwenyewe aliwahi kufika bara, mwalimu ana jibu: mwaka 1964 huko Loperot, Turkana, nchini Kenya, lilifukuliwa taya la nyangumi wa miaka milioni 17 iliyopita, mahali palipo kilometa 740 kutoka bahari ya leo. Yaonekana alipanda mto akapotea, wakati nchi ile ilikuwa bado haijainuka.

Kulitayarisha somo

Vifaa hupatikana Tunduma bila gharama kubwa. Siku mbili kabla ya kipindi, mwanachuo aende machinjioni au buchani, aombe taya la mbuzi na taya la nguruwe, na kifundo kizima cha mguu wa nyuma wa mbuzi. Aeleze mapema anachotaka, maana anayekata makongoro hupitisha shoka karibu sana na hapo na mfupa tunaoutaka hupasuka. Vitu hivyo vichemshwe sana, vikwanguliwe, vioshwe kwa sabuni na kuanikwa. Taya la nguruwe lina faida ya pekee, kwani magego yake yanafanana na yetu kuliko watoto wanavyotarajia. Mwaka 1922 jino moja kutoka Nebraska, Marekani, lilitangazwa kuwa la mnyama wa jamii ya nyani na binadamu, na mwaka 1927 ikakiriwa kwamba ni la mnyama afananaye na nguruwe. Hata hivyo asilazimishwe kulishika mtoto ambaye dini yake haimruhusu. Atazame tu, au apewe la mbuzi.

Kipindi kianze kwa ulimi. Kila mtoto apitishe ulimi juu ya meno yake, aeleze tofauti ya mbele na nyuma bila kufundishwa neno lolote. Kisha mwalimu augawe ubao kwa mstari mmoja wa wima. Upande mmoja aandike "Alikula nini?", upande wa pili "Ni wa ukoo gani?" Mstari huu ndio kiini cha somo, na katika maandalio tuliyoyapitia ndio ulioachwa mara kwa mara. Watoto wakichunguza taya la mbuzi, kila wanalosema lipelekwe upande unaolistahili. Upande wa chakula jino moja latosha. Upande wa ukoo mwalimu akatae jibu lolote lisilo na shahidi wa pili: mfupa, ngozi, mguu, namna ya kuzaa. Watalalamika. Aendelee kukataa.

Hapo ndipo aingize picha ya Pakasuchus, akiwa ameifunika kwa karatasi yote isipokuwa meno. Darasa litasema paka, au mbwa, au binadamu. Afunue fuvu, kisha mwili, kisha mkia wenye magamba. Baada ya hapo apitishe kifundo cha mbuzi mkono kwa mkono, watoto waguse mifuo miwili kwa kidole gumba, ndipo awaeleze habari ya nyangumi wa Pakistani. Tumejaribu kuanza na nyangumi na kumalizia na mbuzi, na haikufaa; habari ilibaki hadithi ya mbali.

Wakati ni jambo gumu kulifahamu, na tarakimu ubaoni hazisaidii. Tunashauri kamba ya meta 10, kila meta ikiwa miaka milioni 10. Mtoto mmoja ashike mwanzo wa kamba, ndiyo leo. Mamba wa Galula atakuwa ukingoni kabisa, Pakicetus katikati, tumbili wa Nsungwe kwenye meta mbili na nusu, nyangumi wa Turkana mbele yake kidogo. Binadamu wa namna yetu, ambaye visukuku vyake ni vya miaka 300,000 hivi, atapata sentimeta tatu mkononi mwa mtoto wa kwanza.

Kuna kauli moja ya kuepukwa kwa kila hali: kwamba kiboko aligeuka kuwa nyangumi. Kiboko na nyangumi ni kama watoto wa ndugu wawili; babu yao ni mmoja, naye hakuwa kiboko wala nyangumi. Watoto wanaujua ukoo vizuri kuliko tunavyodhani, na mwalimu akichora mti wa ukoo wa nyumba yake mwenyewe kwanza, hawatakosea. Akitokea mtoto au mzazi atakayeuliza juu ya imani, mwalimu asibishane wala asidhihaki. Kazi yake ni kueleza kilichopatikana katika miamba na namna kilivyopimwa.

Watoto wa Galula na vijiji vya jirani huenda wakaokota vitu vya namna hii baada ya mvua. Waambiwe wasivichimbue wala kuvihamisha, bali waweke alama mahali na kutoa habari katika ofisi ya kijiji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na kisukuku kilichoondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake, kwani umri hujulikana kwa tabaka kilimolala.

Mwanachuo wetu alirudi katika darasa lile juma lililofuata, akiwa na kifundo cha mbuzi mfukoni. Alianza kwa kumwita msichana yule kwa jina, akasema mbele ya wote, "Juma lililopita nilikujibu vibaya." Sisi tulikuwa nyuma tena, nasi tulisimama tukasema kwamba jibu lile lilitoka kwetu. Somo likaendelea kama tulivyolieleza hapa. Karibu na mwisho msichana akanyoosha mkono tena: "Nyangumi hana miguu. Kifundo mlikiona wapi?" Safari hii mwanachuo hakututazama. Alieleza kwamba nyangumi wa kwanza walikuwa na miguu minne, na kwamba ya nyuma ilipungua kizazi baada ya kizazi mpaka ikabaki mifupa midogo iliyozama ndani ya nyama, ambayo nyangumi wa leo bado anayo. Kengele ililia kabla hajamaliza. Somo hili lahitaji vipindi viwili, na mwanachuo aombe vyote viwili mapema anapoandaa azimio lake la kazi.